Kidonge cha kutuliza kabla ya upasuaji wa matundu madogo: kinafanya nini kwa presha ya mama?

"Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu, nipo Morogoro. Mama yangu ana miaka 61 na amekuwa na presha ya kupanda kwa miaka tisa sasa. Anameza amlodipini asubuhi na losatani jioni. Amekutwa na mawe kwenye mfuko wa nyongo na wiki ijayo anafanyiwa upasuaji wa matundu madogo. Daktari wa usingizi alituambia huenda akampa kidonge cha kutuliza kama saa moja na nusu kabla, ili presha isiyumbe tumbo likijazwa hewa. Jirani yetu ambaye ni nesi mstaafu anasema vidonge hivyo ndivyo vinavyoshusha presha mpaka mgonjwa anashindwa kuamka. Mama ameingiwa na hofu, sasa anataka kuahirisha. Tumsikilize nani?"

Marahaba mwalimu, na mpe mama pole zangu. Daktari wenu hajasema jambo la ajabu, na jirani yenu naye hajazusha. Wanazungumzia saa tofauti za siku moja. Daktari anaiwaza ile dakika tumbo linapoinuka kwa hewa na presha inapaa. Nesi anakumbuka jioni yake, mgonjwa karudishwa wodini, miguu ya baridi, presha ya juu inasoma 85 na mapigo yanakwenda taratibu mno. Amewaona wagonjwa wa namna hiyo, wala simlaumu kwa kuogopa. Dawa moja inaweza kumsaidia mtu saa nne asubuhi na kumlemea saa kumi jioni.

Ndiyo maana kitu cha kwanza ninachotaka mkijue ni jina la kidonge. Barua yako haina jina, na jibu lote limelalia hapo. Dawa tunazoziita kwa pamoja "za kutuliza" ni za koo mbalimbali, na kwa upande wa presha hazifanani hata kidogo.

Ngoja kwanza nikuingize thieta, maana bila kuona kinachotokea mle ndani, ubishi wa vidonge hauna mwisho.

Mama amelala chali. Nusu kaputi imemkolea, mrija wa kupumulia upo kooni, mkanda wa presha upo mkononi na unajipima wenyewe kila baada ya dakika chache. Daktari wa upasuaji anachana ngozi kidogo sana pale kitovuni, kisha anapitisha sindano ndefu iitwayo sindano ya Veress. Ilibuniwa miaka ya 1930 na daktari wa Hungaria aliyekuwa akiitumia kuingiza hewa kifuani kwa wagonjwa wa kifua kikuu, enzi ambazo dawa za ugonjwa huo hazijapatikana. Leo inafungua njia ya hewa tumboni. Mpira wa gesi unaunganishwa, mashine inaanza kusukuma, na tumbo linainuka polepole mpaka ukiligonga kwa kidole linalia kama ngoma. Bila hivyo daktari haoni kitu, maana utumbo na ini vimelaliana.

Gesi yenyewe ni kabonidayoksaidi, ileile tunayoitoa puani na ileile inayofanya soda itoe povu. Imechaguliwa kwa sababu haishiki moto karibu na kifaa cha umeme cha kuchomea mishipa, na kwa sababu inayeyuka haraka kwenye damu, ikafika kwenye mapafu, ikatolewa. Kwa kawaida inasukumwa mpaka mgandamizo wa milimita 12 hadi 15 za zebaki. Ni kipimo kilekile cha presha ya damu, kwa hiyo unaweza kulinganisha: damu inayorudi moyoni kupitia vena kubwa ya tumboni inasafiri kwa mgandamizo mdogo kuliko huo. Ukijaza tumbo hewa, ile vena inalaliwa kama mpira wa kumwagilia bustani uliokanyagwa.

Hapa ndipo watu wengi wanashangaa. Ungetegemea presha ishuke, kwa kuwa damu inayorudi moyoni imepungua. Na kweli moyo unatoa damu kidogo kuliko kawaida. Lakini mkanda mkononi unasoma presha ya juu zaidi. Sababu ni kwamba mwili umeshtuka. Ubongo unamwaga kichocheo kiitwacho vasopresini, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini, mishipa ya fahamu inamwaga noradrenalini, na mishipa midogo ya damu mwili mzima inajikunja. Kabonidayoksaidi inayoingia kwenye damu inaongeza kichocheo juu ya kichocheo ikiwa mashine ya kupumulia haikuongezwa kasi kuitoa. Kwa hiyo moyo wa mama, ambao umesukuma damu kwenye mishipa migumu kwa miaka tisa, unaambiwa usukume dhidi ya mlango uliobanwa zaidi.

Nikueleze kwa namba, za mgonjwa wa kawaida kabisa mwenye presha kama ya mama yako. Kaingia thieta na 168 kwa 96 kwa sababu ya woga, ingawa nyumbani husoma 138. Dawa ya usingizi inaingia: 98 kwa 56. Mrija unapita kooni: 174 kwa 100. Anatulia, 126 kwa 74, tunashusha pumzi. Hewa inaingia tumboni: dakika ya tatu, 170 kwa 104. Kisha kitanda kinainuliwa upande wa kichwani, kwa sababu mfuko wa nyongo unaonekana vizuri utumbo ukiteremka, na damu inakimbilia miguuni: 102 kwa 60. Yote haya hata robo saa haijaisha vizuri. Mtu asiye na presha naye anapanda na kushuka, lakini vilima vyake ni vifupi. Mwenye presha ya kupanda ana milima na mabonde, na bonde ndilo ninaloliogopa kuliko mlima.

Kuna na jambo jingine, adimu lakini la ghafla. Utando wa ndani ya tumbo ukivutwa haraka, mshipa wa fahamu uitwao vagasi unaamshwa, na huo kazi yake ni kupunguza mwendo wa moyo. Mapigo yanaweza kutoka 80 kufika 40 ndani ya pumzi chache, na mara chache sana moyo husimama. Dawa yake ya kwanza haimo kwenye sindano. Ni kumwambia daktari wa upasuaji, "Toa hewa." Anafungua koki, tumbo linanywea, moyo unarudi. Atropini, dawa ya kuharakisha mapigo, inafuata.

Sasa turudi kwenye vidonge.

Ukoo wa kwanza ni wa diazepamu na midazolamu. Hizi ndizo wengi wanazozijua kama "dawa ya kutoa woga". Zinafanya kazi ubongoni, zinalegeza wasiwasi, na midazolamu hasa inamfanya mtu asikumbuke alivyoingia thieta. Kwa ile presha ya woga ya mlangoni zinasaidia. Kwa presha ya tumbo kujazwa hewa hazisaidii sana, kwa sababu mama atakuwa ameshalala fofofo, woga haupo, na kinachopandisha presha ni vasopresini na noradrenalini, ambazo hazingoji ruhusa ya mtu kuwa macho. Ukoo huu una gharama yake pia. Mwaka 2015 madaktari wa Ufaransa walichapisha utafiti wa wagonjwa 1,062 walio chini ya umri wa miaka 70: kundi moja lilipewa lorazepamu, ya ukoo huuhuu, kabla ya upasuaji, la pili kidonge kisicho na dawa, la tatu halikupewa kitu. Waliopewa dawa hawakuridhika zaidi na safari yao ya thieta, ila walichelewa kutolewa mrija kooni na akili ilichelewa kuchangamka. Kwa wazee ukoo huu unaweza kuleta kuchanganyikiwa usiku wa kwanza, na kwa mtu anayekoroma mpaka pumzi inakatika usingizini unaweza kuwa hatari. Mama akiwa mkoromaji wa aina hiyo, semeni mapema, msione aibu.

Ukoo wa pili ndio ninaoshuku daktari wenu anauwazia, kwa sababu ametaja saa moja na nusu kabla na ametaja presha. Ni klonidini, na mdogo wake deksmedetomidini. Klonidini ina historia ambayo huwasimulia wanafunzi wangu ili wasiisahau tabia yake. Ilitengenezwa Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1960 kama dawa ya matone ya kuzibua pua. Katibu muhtasi wa pale kiwandani alikuwa na mafua, akatiwa matone puani. Pua au si pua, dada yule alilala karibu siku nzima, na alipopimwa presha ilikuwa chini na mapigo yakienda polepole. Tangu siku hiyo dawa ikabadilishiwa kazi, ikawa ya presha. Usingizi, presha chini, moyo taratibu: mambo hayo matatu yalitokea kwa pamoja, na mpaka leo yanakuja kwa pamoja. Huwezi kuchukua moja ukayaacha mawili.

Inafanyaje kazi? Kwenye shina la ubongo kuna mahali panapopiga king'ora cha mwili, panapoamuru noradrenalini imwagwe. Klonidini inakaa kwenye kitufe cha kupunguza sauti ya king'ora hicho. Hewa inapojaa tumboni, mwili bado unataka kushtuka, lakini sauti haifiki mbali. Watafiti wa Liège, Ubelgiji, walilipima hili vizuri mwaka 1998. Wagonjwa waliopewa klonidini kabla ya tumbo kujazwa hewa walipanda presha kidogo kuliko wenzao, mapigo yalikuwa tulivu, na adrenalini na noradrenalini kwenye damu zilikuwa pungufu. Vasopresini haikupungua. Ndiyo kusema dawa inaupunguza ule mlima, haiufuti, na anayewaahidi kwamba presha itanyooka kama rula anazidisha.

Tafiti nyingine nyingi ndogondogo, nyingi zikiwa za wagonjwa wa mfuko wa nyongo, zimeelekea upande huohuo, kwa kidonge cha klonidini cha karibu maikrogramu 150 kabla ya upasuaji au deksmedetomidini kwenye dripu. Mgonjwa anahitaji dawa kidogo zaidi ya usingizi, kutetemeka kwa baridi baada ya kuamka kunapungua, maumivu ya mwanzo yanakuwa mepesi. Nimeziona faida hizi kwa macho yangu na ninazikubali.

Sasa upande wa jirani yenu. Mwaka 2014 ulitoka utafiti mkubwa uitwao POISE-2, wagonjwa 10,010 katika nchi 23, watu wenye mishipa ya moyo ya kutiliwa shaka waliokuwa wakienda kwenye upasuaji wa aina mbalimbali usio wa moyo. Nusu walipewa klonidini kabla ya upasuaji, kisha kiraka chenye dawa hiyo kwenye ngozi kwa saa 72. Tulitumaini itawakinga na shambulio la moyo. Haikuwakinga. Walioshuka presha kiasi cha kuhitaji kushughulikiwa walikuwa asilimia 47.6, dhidi ya 37.1 kwa wasiopewa, na moyo kusimama bila kufa kulitokea kwa asilimia 0.3 dhidi ya 0.1. Hali yao si ya mama yako. Wao walikaa na dawa siku tatu mwilini, na mama anafikiriwa kupewa mara moja tu. Lakini baada ya 2014 sikubali tena klonidini iandikwe kwa kila mgonjwa kama maji ya dripu. Lazima iwe na sababu, na mtu wa kuisimamia.

Niseme na langu, kwa kuwa ndilo lililonifundisha kuliko karatasi zote hizo. Zamani kidogo nilimlaza kwa nusu kaputi mama mmoja muuza vitenge, mchangamfu, presha yake imetulia kwa atenololi. Wodini alikuwa amepewa klonidini asubuhi, kwa utaratibu uliokuwepo, kila mgonjwa wa matundu anapewa. Niliisoma kadi yake harakaharaka. Niliona klonidini nikafurahi. Atenololi iliandikwa ukurasa wa nyuma, na ukurasa wa nyuma sikuufungua. Atenololi inapunguza mwendo wa moyo, klonidini inapunguza mwendo wa moyo, na vagasi tulikuwa tunakwenda kuiamsha wenyewe. Hewa ilipofika milimita 11 mapigo yalikuwa 58. Nikageuka kuandika. Niliposikia mlio wa mashine umepwaya nikageuka tena: 44, halafu 36. Nikapaza sauti hewa itolewe. Tumbo likanywea, nikampa atropini, kitanda kikalazwa sawa, na baada ya muda uliokuwa mrefu kuliko saa inavyoonyesha, tukaona 70. Upasuaji ulikwisha salama, akarudi sokoni. Lakini mimi tangu siku hiyo sianzi kazi kabla ya kuishika kadi kwa mikono miwili na kumuuliza mgonjwa mwenyewe, kwa mdomo wake, ameza nini jana na leo.

Kwa mama yako hali ni nyepesi kuliko ya yule. Amlodipini hailegezi mwendo wa moyo, kwa hiyo haigongani na klonidini kwa namna ile. Losatani ndiyo ya kuangaliwa, kwa sababu nyingine. Inauzuia mfumo mmoja ambao mwili hutumia kujipandisha presha inaposhuka. Ukiiweka losatani, ukaweka dawa ya usingizi, ukaweka klonidini, ukainua kitanda kichwani, umeondoa ngazi karibu zote ambazo presha ingepandia. Mwaka 2024 utafiti wa Ufaransa wa wagonjwa 2,222 ulilinganisha wanaoendelea na dawa za ukoo wa losatani mpaka siku ya upasuaji na wanaosimamisha saa 48 kabla. Vifo na madhara makubwa vilikuwa sawasawa. Ila presha kushuka mezani kulitokea kwa asilimia 54 ya walioendelea na 41 ya waliosimamisha. Kwa hiyo madaktari wanatofautiana, na wote wana hoja. Mimi, kama nimepanga kumpa mtu klonidini, losatani ya usiku wa kuamkia upasuaji namwambia aiache, na amlodipini ya asubuhi namwambia aimeze kwa funda moja la maji. Msifanye hivyo kwa maneno yangu. Mpigieni simu daktari wa usingizi mumuulize kuhusu kila kidonge kwa jina lake, maana yeye ndiye atakayekuwa kichwani pa mama. Na wale wasomaji wengine wanaotumia atenololi au ndugu zake kila siku: msiziache ghafla kwa sababu mmesoma kisa cha muuza vitenge. Kuziacha ghafla kunaweza kuupandisha moyo mbio vibaya.

Kipo kitu ambacho barua yako imenifanya nikiwaze sana, nacho ni kwamba kidonge kimebebeshwa kazi ambayo si yake peke yake. Presha ya mama kutulia siku ile kunategemea zaidi mikono ya watu wawili. Wa kwanza ni daktari wa upasuaji. Akijaza hewa polepole badala ya kwa pupa, vagasi haishtuki. Akiridhika na milimita 10 au 12 pale anapoona vizuri, badala ya kwenda 15 kwa mazoea, vena inalaliwa kidogo na mwili unashtuka kidogo. Hii ni tiba ya presha isiyohitaji duka la dawa. Wa pili ni mtu wa usingizi: amkolezee usingizi na dawa ya maumivu kabla ya hewa kuingia, aongeze pumzi za mashine kutoa kabonidayoksaidi, amwombe mwenzake ainue kitanda kwa hatua. Na awe na sindano mbili mezani zimeshavutwa na kuandikwa jina, moja ya kupandisha presha na moja ya kuamsha moyo, kabla ya koki ya gesi kufunguliwa.

Na kwa wenzangu wanaofanya kazi mahali ambapo klonidini haijawahi kuonekana rafuni: magnesiamu salfeti, ileile tunayowapa kina mama wenye kifafa cha mimba, ina uwezo katika jambo hili. Utafiti wa Korea Kusini wa mwaka 2009, mdogo, wagonjwa 32 tu wa mfuko wa nyongo, uliwapa miligramu 50 kwa kila kilo kwenye mshipa kabla ya hewa kuingia. Presha haikupaa kama ya wenzao, na vasopresini ilipungua, jambo ambalo klonidini ilishindwa kule Ubelgiji. Inarefusha kazi ya dawa za kulegeza misuli, hilo lisisahaulike wakati wa kumwamsha mgonjwa. Lakini ipo kwenye kila wodi ya wazazi, na manesi wetu wanaijua kama wanavyojua chumvi.

Kuhusu woga wa mama. Mwaka 1963 madaktari wa Boston walifanya jambo rahisi sana. Waliwalinganisha wagonjwa waliopewa sindano ya kutuliza kabla ya upasuaji na wagonjwa waliotembelewa na daktari wa usingizi jana yake, akaketi, akawaeleza kitakachotokea. Waliotembelewa walifika thieta wakiwa watulivu kuliko waliochomwa sindano tu. Naamini jambo hili kwa moyo wangu wote. Ile 168 ya mlangoni niliyokutajia mara nyingi nimeiona ikishuka mpaka 145 kwa maneno ya dakika kumi, nimeshika mkono wa bibi anayeuliza kama ataota ndoto. Kwa hiyo ombeni kuonana na daktari wa usingizi tena, mama mwenyewe awepo, na yeye ndiye aulize. Amwambie jirani alichomwambia, bila kuficha. Daktari mzuri hataudhika.

Mkifika, haya ndiyo ningependa yajibiwe. Kidonge kinaitwaje na ni kiasi gani. Mapigo ya mama yakiwa yapo chini ya 60 asubuhi ile, bado atapewa? Mimi nisingempa. Presha ikiwa tayari chini kuliko kawaida yake, au akiwa ametapika usiku na kupungukiwa maji, nisingempa pia. Na baada ya upasuaji, nani atampima presha na kila baada ya muda gani. Hili la mwisho ndilo linalosahauliwa. Klonidini inakaa mwilini nusu siku na zaidi. Tumbo limeshatolewa hewa, maumivu yametulizwa, hakuna tena kinachopandisha presha, lakini dawa bado inashusha. Wakati huo ndio jirani yenu anaoukumbuka. Deksmedetomidini kwa upande wake inaisha mapema, ndani ya saa chache, na inaweza kuzimwa kwenye dripu, kwa hiyo palipo nayo wengi wetu tunaipenda zaidi. Ila haifai kusukumwa kwa haraka. Ikiingia kwa kasi hupandisha presha kwanza kabla ya kuishusha.

Kwa nyinyi mtakaokaa naye wodini: msimwinue ghafla kwenda chooni jioni ile. Akae kwanza, miguu ining'inie kitandani dakika kadhaa, nesi ampime, ndipo asimame akishikwa. Mdomo utamkauka, hiyo ni kawaida ya klonidini. Atasinzia, lakini ukimwita kwa jina lazima afumbue macho na ajibu. Asipoamka kwa kuitwa, akiwa na jasho la baridi, au midomo ikibadilika rangi, iteni msaada papo hapo, msingoje zamu ibadilike. Akilalamika bega linauma, na mkashangaa mbona wamepasua tumbo, ni masalia ya gesi yanayosumbua kiwambo cha chini ya mapafu, ambacho mishipa yake ya fahamu inatokea shingoni sawa na ya bega. Hupita lenyewe kwa siku moja au mbili.

Je, muahirishe? Kwa sababu ya kidonge, hapana. Kidonge kinaweza kuachwa na upasuaji ukaendelea vizuri kabisa. Nawalaza wagonjwa wengi wenye presha bila klonidini wala ndugu yake yeyote. Na mawe ya nyongo yakisubirishwa yanaweza kuziba njia, mama akaja usiku na homa na macho ya manjano, tukamlaza kwa dharura presha ikiwa juu na hakuna muda wa kuzungumza. Kinachoweza kuahirisha ni presha yenyewe. Waingereza walikubaliana mwaka 2016 kwamba upasuaji usio wa dharura uendelee kama presha iliyopimwa zahanati katika mwaka uliopita ipo chini ya 160 kwa 100, au hospitalini chini ya 180 kwa 110, na nami naufuata mpaka huo. Kwa hiyo wiki hii mpime asubuhi na jioni, akiwa ameketi na amepumzika dakika tano, mwandikie kwenye daftari tarehe, saa, presha na mapigo. Mapigo usiyaache, ndiyo nitakayotaka kuyaona kwanza ningekuwa daktari wake. Siku ya kwenda, chukua lile daftari na vidonge vyake vyote kwenye paketi zake, hata vile vya miti shamba na vile alivyoazimwa na shoga yake, umkabidhi daktari wa usingizi mkononi.